Biharusi, Nani Kakwambia Ukimbie kwa Vidole?



Suala hili tulikuwa tumeliweka kiporo, lakini baada ya harusi tuliyohudhuria miezi miwili iliyopita tumeona bora tuliseme. Biharusi alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu kainyoosha juu ya mto, na mpakaji hina anamalizia maua ya piko kwenye vifundo. Kazi ilikuwa nzuri mno. Lakini kila mkono wa mpakaji ulipopita juu ya mguu wa kulia, karibu na vidole, biharusi alikuwa anauma meno. Somo wake ndiye aliyegundua kwanza kwamba mguu ule umevimba. Alipomuuliza, mwari akasema hana kitu, ni uchovu tu wa mazoezi.

Mmoja wetu ni shangazi yake, na baadaye ndiye aliyepewa habari yote. Mtoto yule hakuwa amekimbia tangu skuli. Wiki tano kabla ya harusi alinunua raba, akaanza kutoka kila siku baada ya Alfajiri ili gauni limkae vizuri. Siku ya tatu akaangalia kipande cha vidio kwenye simu, mwanamke mmoja wa Kizungu anaeleza kwamba kutua kwa kisigino kunaua magoti, na kwamba mwili uliumbwa kukimbia kwa vidole. Basi akakimbia kwa vidole. Mashavu ya miguu yakamuuma, akaambiwa ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi. Halafu mguu kwa juu ukaanza kuuma, naye akanyamaza kwa kuogopa kuambiwa asimamishe mazoezi.

Usiku wa ukumbini aliingia ameshikwa huku na huku, akitembea polepole kama anayekanyaga mayai. Wageni wakasifia mwendo wake wa haya. Haya gani! Ilikuwa maumivu. Fungate ilikwenda hospitali, na picha ikaonyesha ufa kwenye mfupa mmoja wa unyayo.

Sasa msimamo wetu tunauweka hapa mapema, ili asiyekuwa na muda wa kufika chini aondoke nao. Hakuna sehemu moja ya unyayo ambayo kila mwanamke lazima aitangulize anapokimbia. Kama unakimbia na huumii, acha mguu wako utue ulivyozoea. Yapo mambo ya kuangalia, lakini ni mengine: mguu unatua wapi ukilinganisha na mwili wako, unatua kwa kishindo gani, na umeuzoesha kwa muda gani. Na anayewaambia maharusi wabadilishe namna ya kukanyaga wiki tano kabla ya siku yao, hata kama ana nia njema, anawatia hatarini.

Kwa wasiolijua jambo lenyewe, wakimbiaji hutua kwa namna tatu. Wapo ambao kisigino ndicho kinachogusa chini kwanza, ndipo unyayo unafuata. Wapo ambao unyayo wote unatua kwa pamoja. Na wapo wanaotanguliza ile sehemu nene iliyo chini ya vidole, kisigino kikafuata au kisiguse kabisa. Anayekimbia mita 100 kwa kasi yake yote atajikuta yuko mbele ya unyayo bila kufundishwa na mtu. Anayekimbia taratibu, kama wengi wetu pale Maisara asubuhi, mara nyingi ataanza na kisigino.

Maneno ya kwamba kisigino ni kibaya hayakuokotwa hewani. Mwaka 2010 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti wa Profesa Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake. Waliwapima wakimbiaji wa Marekani na wa Bonde la Ufa nchini Kenya, waliozoea viatu na waliozoea kukimbia pekupeku. Waliozoea pekupeku mara nyingi walitanguliza mbele ya unyayo, na ule mshtuko wa ghafla unaopanda mguuni kisigino kinapopiga chini, kwao ulikuwa mdogo sana. Hilo hatulipingi. Tatizo ni yaliyofuata. Watu wakachukua kipimo cha mshtuko wakakigeuza kuwa ahadi ya kutoumia, na biashara ikaingia. Viatu vyembamba vyenye vidole kama glovu vikauzwa kwa maneno matamu, mpaka mwaka 2014 kampuni moja iliyokuwa ikiviuza Marekani ikakubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja waliodai wameahidiwa faida za kiafya zisizokuwa na ushahidi. Kesi imekwisha, viatu vimepungua, lakini maneno yake bado yanazunguka kwenye simu zetu.

Na hata hao wa pekupeku hawakukubaliana. Mwaka 2013 watafiti wengine walikwenda kwa Wadaasanach, kaskazini mwa Kenya karibu na Ziwa Turkana, watu wanaokua bila viatu. Wakawapima watu wazima 38 wakikimbia. Kwa mwendo wa kawaida, ule mtu anaoweza kuuendeleza kwa muda mrefu, takriban asilimia 72 ya miguu ilitua kwa kisigino. Walipoongeza kasi ndipo baadhi yao walipohamia mbele. Hawa hawajaharibiwa na raba wala hawajaangalia vidio. Kwa hiyo ile kauli ya kwamba mwili uliumbwa kukimbia kwa vidole, aliyeitoa atueleze ni mwili wa nani.

Tukipanda ngazi ya juu kabisa hali haibadiliki sana. Katika mbio za marathoni za mashindano ya dunia yaliyofanyika London mwaka 2017, yale ambayo Alphonce Simbu alituletea Tanzania medali ya shaba, watafiti waliwarekodi wakimbiaji kwenye vituo kadhaa vya njia. Zaidi ya nusu ya wanaume, na takriban thuluthi mbili ya wanawake au zaidi, walikuwa wanatua kwa kisigino. Hao ni wanawake wanaomaliza kilomita 42 wakati sisi bado tunatafuta mtandio wa kufanyia mazoezi.

Kuna jambo moja ambalo vidio haisemi, nalo ndilo lililomponza mwari wetu. Ukiacha kisigino ukahamia vidoleni, mzigo haupotei, unahama. Ni kama ndoo ya maji. Ukiitoa kichwani ukaibeba mkononi, shingo inapata nafuu, lakini maji ni yaleyale na bega litakuja kusema. Anayetua kwa kisigino analipeleka zaidi goti. Anayetua kwa mbele anaupeleka mzigo kwenye shavu la mguu, kwenye ule mshipa mnene wa nyuma ya kifundo, na kwenye mifupa myembamba ya unyayo. Aliyeanza hivyo tangu utotoni, mifupa na misuli yake imeshazoea. Aliyeanza wiki iliyopita hana alichozoea.

Watafiti wa Marekani walilionyesha hili kwa picha za MRI mwaka 2013. Waliwachukua wakimbiaji wazoefu, wakawagawa makundi mawili, kundi moja likaendelea na viatu vyake na jingine likahamia taratibu kwenye viatu vile vya glovu kwa wiki 10. Katika kundi la pili, 10 kati ya 19 walionekana kuwa na dalili za mfupa kuelemewa, na wawili kati yao mfupa ulipata ufa. Zingatieni, hawa walikuwa wakimbiaji wazoefu, tena walipewa wiki 10 na maelekezo. Biharusi wetu alikuwa na wiki tano, hana uzoefu, na alikuwa anakula yai moja na tango kutwa.

Kwa hiyo tuache kuuliza kisigino au vidole, tuangalie mguu unatua wapi.

Kosa kubwa la wengi wetu tunaoanza ni hatua ndefu. Tunaurusha mguu mbele kwa kudhani ndio kukimbia, unafika chini ukiwa mbali na mwili, goti limenyooka kama fimbo. Mguu wa namna hiyo unapiga breki. Kila hatua unajisimamisha, halafu unajisukuma upya. Mguu unatakiwa utue karibu na chini ya mwili wako, goti limekunjika kidogo. Ukifanya hivyo, hata kisigino kikigusa kwanza, kinagusa kwa upole.

Sisi watu wa pwani tuna kipimo cha bure ambacho mtu wa bara hana. Bahari ikipwa, nenda kwenye ule mchanga mgumu wenye unyevu, kimbia kama mita 50 unavyokimbia siku zote, kisha rudi ukaangalie nyayo zako. Kama kila unyayo una shimo lililochimbwa na kisigino na mchanga umesukumwa kwa mbele, ulikuwa unapiga breki. Fupisha hatua, kimbia tena pembeni yake, ulinganishe. Tulifanya hivi Jambiani watu watano, tukacheka sana, maana nyayo za mmoja wetu zilikuwa kama mtu aliyekuwa akichimba chaza. (Msikimbie masafa marefu kwenye ufukwe ulioinama lakini. Mguu mmoja unakuwa juu na mwingine chini, na nyonga zitawauliza kesho yake. Ukienda upande huu, rudi njia hiyohiyo.)

Namna rahisi ya kufupisha hatua ni kuziongeza idadi. Hesabu mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi kwa sekunde 30, zidisha kwa nne, utapata hatua zako kwa dakika. Tuseme umepata 38, basi ni hatua 152. Ongeza asilimia tano tu, iwe 40 kwa sekunde 30, yaani 160 kwa dakika, kwa kasi ileile. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba nyongeza ndogo kama hiyo inapunguza mzigo wa goti, na ikifika asilimia 10 na nyonga inapata nafuu. Hakuna aliyeambiwa abadilishe sehemu ya unyayo. Mmoja wetu anatumia kile kihesabio cha tasbihi cha kuvaa kidoleni kuhesabia hatua. Tumemwambia atafute kingine, hajasikia.

Na msibabaishwe na namba 180 inayotajwa kila mahali. Ilitokana na kocha wa Marekani, Jack Daniels, aliyewahesabu wakimbiaji kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Wale walikuwa wanashindana kutafuta medali. Wewe unakimbia kutoka Maisara kwenda Mnazi Mmoja na unataka kuwahi kuwaandaa watoto skuli. Mrefu atakuwa na hatua chache, mfupi nyingi, na mwendo wa pole una hatua chache kuliko wa kasi.

Halafu kuna kishindo. Hiki tunakipenda kwa sababu hakihitaji mashine wala mwalimu, masikio tu. Vua vile vya kusikilizia muziki, sikiliza unavyokanyaga. Kama unasikika kama mtu anayetwanga kisamvu, punguza. Watafiti wa Hong Kong, mwaka 2018, walitoa matokeo ya wakimbiaji 320 wanaoanza. Nusu yao walifundishwa kwa wiki mbili kutua kwa ulaini, wakiangalia kipimo cha mshtuko mbele yao, na nusu wakakimbia vivi hivi. Kwa mwaka mzima uliofuata, kundi lililofundishwa liliumia kwa asilimia 62 chini ya lile jingine. Tunasema na upande wa pili, ili tusifanye yaleyale ya vidio: walioumia katika kundi hilo, wengi matatizo yao yalikuwa kwenye shavu la mguu na ule mshipa wa nyuma. Kule kuhama kwa mzigo tulikokutaja, nako kumo. Kwa hiyo hata ulaini unafundishwa polepole.

Tukizungumzia kishindo, tumewahi kuulizwa kama mwanamke kukimbia hakuingii kwenye katazo la Suratun-Nur, aya ya 31, la kupiga miguu chini. Sisi si wanazuoni, na mwenye wasiwasi amuulize mwalimu wake. Tulichofundishwa darsani ni kwamba katazo lile limefungwa na kusudio lake, kupiga miguu ili mapambo yaliyofichwa yajulikane, na wafasiri wametaja vikuku. Basi vikuku viacheni nyumbani. Na katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, Bibi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) wakiwa safarini, akamshinda, na baadaye alipokuwa amenenepa akashindwa yeye, na Mtume akamwambia kwa mzaha kwamba hiyo ni kulipa ile. Tunaitaja kwa sababu maharusi wengi tunaowajua wanakimbia kwa kuogopa mwili wao, na hapa kuna mke aliyenenepa anakimbia na mumewe na wanacheka.

Mavazi nayo yanahusika na mguu kuliko mnavyofikiri. Wapo wanaotucheka tunaokimbia na nguo ndefu, lakini gauni la wastani linakuzuia kurusha mguu mbele, yaani linakufupishia hatua bila ya kujijua. Hatusemi mkimbie na buibui la mtandao mzima, mtajikwaa kwenye lami na tutakuja kulaumiwa. Suruali pana na shati refu la kufika magotini, mtandio uliobanwa vizuri, na sidiria ya mazoezi, inatosha. Viatu vyovyote visivyokubana na visivyokuumiza. Raba za mitumba za Darajani zimetufaa wengi, mradi soli isiwe imelika upande mmoja, kwa sababu hapo unarithi mwendo wa mtu usiyemjua.

Lawama zetu nyingine ni kwa walimu wa vikundi vya mazoezi. Tunawapenda, wamewatoa wanawake wengi ndani. Lakini tumemuona mmoja akiwa mbele ya wanawake arubaini, wa miaka ishirini na wa sitini, mwenye uzazi wa juzi na mwenye kisukari, anawapigia kelele wote kwa pamoja, "Vidole! Vidole!" Mama mmoja wa makamo alikaa chini akaushika mguu, akaambiwa asiwe mvivu. Kubadilisha mguu unavyotua kunaweza kumfaa mtu maalumu, tuseme mwenye maumivu ya goti yanayorudi kila anapokimbia, akisimamiwa na mtu anayejua, kwa miezi. Na kama wewe umejikuta tangu zamani unatua kwa mbele na huumwi, usihamie kisiginoni kwa sababu yetu.

Turudi kwa maharusi, maana ndio tuliowalenga. Harusi zetu zinasongamana kabla ya Ramadhani na baada ya Sikukuu, kwa hiyo kila mwaka kuna msimu ambao wasichana wanaamka siku moja na kuanza kukimbia kila siku huku wameacha kula. Hayo mawili pamoja ni hatari kuliko namna yoyote ya kukanyaga. Mfupa unajijenga usiku, unapopumzika na ulipokula. Ukiupiga kila siku na huupi chakula, unachoka, na dalili mojawapo ni hedhi kuchelewa au kukatika. Msichana akiona hivyo huku anajinyima kula, asifurahi kwamba amepungua. Apumzike, ale, aende kwa daktari.

Kama umebakiwa na miezi miwili na hujawahi kukimbia, tembea. Tembea kwa kasi nusu saa, siku nne au tano kwa wiki. Ukiona mwili umezoea, changanya, dakika moja kukimbia kwa mbili za kutembea, siku moja unaenda na siku moja unapumzika. Kama umebakiwa na wiki tano, tunaomba usianze kukimbia kabisa. Na maumivu ya misuli yanayoenea na kuisha kwa siku mbili ni ya kawaida, lakini maumivu ya sehemu moja ya mfupa unayoweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, yanayorudi kila unapokanyaga, hayo simamisha siku hiyohiyo. Gauni linapanuliwa na fundi kwa jioni moja.

Masomo wetu pia tunawaomba. Mwari analetwa kwenu, mnamsugua singo, mnamfukiza udi, mnamuangalia kucha na visigino visiwe na magaga. Mkiwa na ule mguu mikononi, bonyezeni na juu yake karibu na vidole, mumuulize kama panauma. Yule wetu angeulizwa wiki mbili kabla, angekaa mguu juu na pengine angeingia ukumbini kwa miguu yake.

Wiki iliyopita alimtumia shangazi yake ujumbe. Anatembea ufukweni jioni na mumewe, dakika 10, kwa ruhusa ya daktari, na kukimbia ameambiwa asubiri kidogo. Hina imeshafutika zamani, anasema, ila raba zake zingali mpya.